Beseni la Bosko

Dada Rhonda,

Shikamoo, na usininunie kwa kukaa kimya. Baridi ya Winnipeg inafunga hata domo langu, na unalijua.

Siku hizi natembeza mbwa wa watu. Bosko ni wa Bi Hrushka, ana makucha ya simba na roho ya kuku. Lakini huyo bibi, dada, ni mtu. Tukirudi tu, beseni la maji ya uvuguvugu liko mlangoni, maana chumvi wanayomwaga njiani kuyeyusha barafu inachoma nyayo za mbwa. Anaosha mguu mmoja mmoja, anapanua vidole na kuchungulia kama sonara. Bosko mwenyewe ananyoosha mguu unaofuata.

Juzi nimeshavua viatu, bibi akaona doa la damu kwenye zulia. Akakagua miguu yote minne ya Bosko, ikawa mizima. Akageukia soksi zangu.

"Darcy, vua."

"Bibi, mimi sibweki."

"Ungekuwa unabweka ningejua mapema. Vua."

Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda, na sikuwa nimesikia maumivu hata chembe. Kisukari cha kwetu unakijua, na mguu wa mama ulivyokatwa. Bi Hrushka akabadilisha maji, akaniosha, akanipeleka hospitali kwa gari lake. Daktari kasema tumewahi, kidole kinabaki.

Sasa tukirudi tunapanga foleni, Bosko kwanza. Jana bibi alimaliza kuosha mguu wangu wa kulia, nikajikuta nimeshanyoosha wa kushoto.

Mdogo wako mwenye vidole vyote,
Darcy