Ukurutu wa Mzee Isihaka

Nyumbani, njia ya Magoma
19 Mei 2020

Mwanangu Zamda,

Amani ya Mungu iwe kwako na kwa wote unaoshinda nao hapo hospitalini Korogwe. Mimi mzima. Funga inakwenda vizuri, ni goti la kushoto tu ndilo halijafunga, mchana kutwa linakula nguvu zangu. Shangazi yako Hafsa anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Nimemwambia ndiyo, ili alale.

Nakuandikia barua kwa sababu haya si ya simu. Tangu zile namba za wagonjwa zikome redioni, kila mtu hapa amejitengenezea zake. Ukasha, yule mwalimu mstaafu, anasikiliza redio za nje na kuja barazani na maelfu. Awadhi, mtendaji wetu wa kijiji, anakuja na sifuri. Mwezi huu hakuna kahawa mchana, kwa hiyo wanabishana kavukavu. Mimi nakaa katikati. Namba yangu ni ndogo, lakini nimeiosha mwenyewe: maiti tisa za wanaume tangu mwezi wa nne uanze. Mwaka jana miezi kama hii walikuwa wawili.

Wanne kati ya hao walitoka hapo kwenu, na vibali vyote vya mazishi vimeandikwa nimonia. Naiheshimu nimonia, ila sikujua ina bidii kiasi hicho. Bwana afya alipita akatuachia boksi la glovu, akasema tuvae kwa mwenye ugonjwa huu mpya. Nikamuuliza nitamjuaje. Akasema mtaambiwa. Hatujaambiwa. Kuvaa kwa kila maiti nimejaribu mara moja tu, kwa mume wa Shamimu. Mwanawe mkubwa alinishika mkono nyuma ya pazia akanivua moja baada ya nyingine. "Mzee Isihaka, baba yangu si uchafu." Unajua huku kwetu, mtu huoshwa kwa mkono wa mtu.

Wewe ndiye unayetunza mafaili. Mimi sitaki takwimu, hizo zina wenyewe. Nataka kuambiwa huyu vaa, huyu usivae. Kuosha watu ni kazi yangu, kuwafuata bado. Na Rehani anayenisaidia ana watoto watatu.

Ni mimi baba yako,
Isihaka

*

Korogwe
28 Mei 2020

Shikamoo baba,

Idi njema imepita, namshukuru Mungu tumeiona. Mimi sijambo, wajukuu zako hawajambo, na mwambie shangazi sijanenepa.

Barua yako niliisomea chooni, maana ndipo mahali pekee ofisini penye kitasa.

Baba, mimi naandika alichoandika daktari. Daktari naye ana wakubwa zake. Tuliitwa kikaoni tukaambiwa namba zina wenyewe, na atakayetoa hata moja bila idhini ajiandae kwa kesi. Usidhani madaktari ni waongo. Kipimo hakuna, na bila kipimo nimonia ni jina halali. Anaandika hivyo, halafu anakwenda kunawa mikono hadi kwenye kiwiko.

Lakini iko wodi ya pembeni. Anayeingizwa humo sote tunajua kwa nini, hata mfagizi anajua. Mtu akifia wodi hiyo na maiti ikawa inakuja upande wenu, nitampa Yordani, kondakta wa basi la Magoma, bahasha yenye jina. Itakufikia kabla ya maiti. Ukishasoma choma. Bahasha isipokuja, osha kama siku zote.

Watu utawaambia nini kuhusu glovu, hilo nakuachia. Wewe hujawahi kukosa la kusema.

Mwanao,
Zamda

*

Njia ya Magoma
22 Juni 2020

Mwanangu Zamda,

Nakusalimu kwa mikono miwili, yote ina ukurutu. Usishtuke, soma.

Bahasha ya kwanza ilikuja siku aliyokufa fundi cherehani. Nilifika msibani nimeshavaa glovu kabisa, nikawaambia wafiwa wanisamehe, nimepatwa na ukurutu mbaya, vidole vinatoa maji, sitaki kumgusisha marehemu. Wakanionea huruma. Mjane alininong'onezea dawa ya majani ya mwarobaini, na yeye ndiye aliyefiwa. Rehani naye nikasema nimemwambukiza. Tukamuosha vizuri, kwa heshima zake zote, na hakuna aliyetukanwa.

Wiki iliyofuata alikufa mzee wa ng'ombe, bahasha hakuna. Nikaenda mikono mitupu. Ukurutu ulikuwa umelala. Ni ugonjwa wenye nidhamu.

Sasa tunaambiwa maradhi yamekwisha, na msikitini tumeshukuru. Nami nimeshukuru. Boksi nimelihifadhi juu ya kabati, nikiwa bado nashukuru.

Baba yako,
Isihaka

*

Njia ya Magoma
17 Januari 2021

Mwanangu Zamda,

Natumai bado mnapumua vizuri hapo mlipo, siku hizi salamu inaanzia hapo. Shangazi yako anafukiza majani ndani, mimi na kuku tumehamia nje.

Bahasha tano ndani ya wiki mbili. Zote nimezipata, zote nimezichoma. Na glovu ulizofunga kwenye gazeti zimefika, gazeti lenyewe nimelisoma, halina habari yoyote.

Lakini kuna jambo sikulipigia hesabu. Watu wameng'amua. Nikitoka nyumbani na mfuko wangu wa kuoshea, hawatazami mfuko, wanatazama mikono. Nikivaa, wanawake wanashusha khanga mdomoni, watu wanakaa nje uwanjani mbalimbali, na matanga yanakwisha siku hiyohiyo. Nisipovaa, wanabanana kama kawaida. Hakuna aliyetangaza. Barazani mtu anauliza tu, "Leo ukurutu umeamka?" Ukasha ameacha redio za nje, anasema kituo chake sasa ni mimi. Hata mke wa Awadhi alimtuma mtu kuniuliza, kwa siri, kama wakati wa kumuosha mjomba wake mikono ilikuwa inawasha.

Nami nilijisikia vizuri, mwanangu. Nilidhani nimepata namna ya kusema bila kusema.

Jana Awadhi akaniita ofisini. Akanipa kiti, akaagiza soda. Akasema ninatoa takwimu bila kibali. Nikamjibu mimi natoa maji, mtendaji, takwimu siziwezi, nimeishia darasa la nne. Akacheka kidogo. Kisha akauliza nani ananiambia siku ya kuwashwa. Nikasema Mungu.

"Mungu hana binti kwenye mafaili pale Korogwe," akasema.

Soda niliimaliza, nikamrudishia chupa, nikaaga. Kaa macho.

Baba yako,
Isihaka

*

Wilaya ya Handeni
30 Januari 2021

Shikamoo baba,

Nakuandikia kutoka mahali pengine. Nimehamishwa. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa masilahi ya umma, na umma ukanipa siku tatu. Sasa niko kwenye zahanati ndogo, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Handeni mjini. Ninapima watoto uzito na kujaza kadi za chanjo. Hapana wodi ya pembeni, wala wodi yoyote. Kuna vitanda viwili na muuguzi mmoja, Efrazia, mtu mwema. Daktari hupita mara mbili kwa wiki.

Mkuu wangu wa Korogwe aliniambia kwa upole kwamba safari hii ni uhamisho. Glovu zikionekana tena huko kijijini watajua zimetoka kwangu, na safari ijayo haitakuwa uhamisho. Baba wa watoto alishaondoka zake, baba, unajua mshahara huu unabeba nani.

Kwa hiyo bahasha hazitakuja tena. Sitajua nani ametoka wapi. Nakuomba uache kuosha. Wapo wengine, na una miaka sabini na moja. Ukishindwa kuacha, basi vaa kwa wote na uwaache waseme.

Nimesoma barua hii tena nikaona nimekuomba mambo mawili yasiyokaa pamoja. Sijui niifuteje. Chukua lile la kuacha.

Mwanao,
Zamda

*

Njia ya Magoma
16 Februari 2021

Mwanangu Zamda,

Nakupa habari njema kwanza: nimepona ukurutu. Ijumaa ya mwanzo wa mwezi baada ya sala nilisimama nikaonyesha viganja, mbele na nyuma, mbele ya msikiti mzima. Awadhi alisema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kuliko imamu. Kazi yako haina tena wa kuiuliza.

Habari nyingine, Ukasha amefariki. Aliugua siku sita, siku ya saba wakampeleka Korogwe, Alhamisi akarudi maiti. Kibali kimeandikwa changamoto ya upumuaji. Naona nimonia wameipumzisha, wamepata jina refu zaidi.

Umeniomba niache kuosha. Ukasha tulikwenda jando pamoja, ningemwachia nani? Nilijua kilichomuua, hata bila bahasha yako. Wote tulijua. Watu walikaa uwanjani wakaitazama mikono yangu, wakaiona mitupu, basi wakasogeleana. Hilo ndilo linaloniumiza, Zamda. Safari hii mikono yangu imewadanganya. Awadhi alisimama karibu na pazia tangu maji ya kwanza hadi ya mwisho ya kafuri, kama mkaguzi wa mitihani. Rehani nilimtuma maji ya kisima cha mbali, nikamrudisha na ndoo mara mbili kwa kusema yana tope, hata akanuna. Alipofika mara ya tatu nilikuwa namfunga Ukasha sanda.

Nilimuosha peke yangu. Kichwa chake, kile kilichokuwa kimejaa maelfu, nilikiosha taratibu kwa sabuni yenye manukato.

Mimi sijambo. Mafua kidogo. Na chai haina ladha tangu juzi, ingawa shangazi yako anaapa ametia tangawizi.

Baba yako,
Isihaka

*

Handeni
20 Februari 2021

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo asubuhi na simu yako haipatikani. Karatasi hii naituma kwa pikipiki hadi Korogwe, Yordani akufikishie, nami nakuja nyuma kwa gari la kukodi. Kule Korogwe sikupeleki, nakuja nawe huku nilipo. Efrazia ana mtungi mmoja wa oksijeni, ameniahidi hautamgusa mwingine.

Usiwakaribishe watu kukujulia hali. Shangazi alale chumba kingine. Lala kifudifudi, hata kama unaona haya.

Sikukuomba uoshe mikono mitupu, baba. Au nilikuomba. Tutabishana njiani.

Usinifanyie mzaha nikifika.

Zamda wako

*

Handeni
27 Februari 2021

Kaka Rehani,

Assalaam alaykum. Poleni na kazi. Nakuandikia wewe kwa sababu yeye ndiye aliyetaka uwe wa kumuosha.

Baba amefariki leo saa tatu asubuhi. Mtungi uliisha jana mchana, na Handeni mjini hatukupata mwingine. Gari litatoka huku saa sita, mtegemee alasiri. Barua hii inatangulia kwa pikipiki hadi Korogwe, Yordani atakufikishia kabla yetu.

Ni korona. Kipimo hatukuwa nacho, ila daktari alimwona kila alipopita, hadi leo, na hana shaka, wala mimi sina. Aliniuliza aandike nini kwenye kibali. Nikamwambia aandike alichokiona. Kisha akanisogezea fomu, akasema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Nimeandika mimi, yeye ametia sahihi. Kwenye rejista pia nimeandika hivyohivyo, kwa wino.

Vaa glovu, wewe na atakayekusaidia, na barakoa. Maboksi yako chini ya kiti cha mbele. Usiseme una ukurutu. Sema ni ugonjwa huo, useme kabla watu hawajakaa, ili anayetaka kukaa mbali akae mbali. Wazee wasiingie nyuma ya pazia. Shangazi Hafsa asimbusu, mshikeni. Waliokaa na baba tangu alipomzika mwalimu Ukasha waambieni wasiende kwa wagonjwa wala kwa vikongwe mpaka wiki mbili zipite tangu siku niliyomchukua.

Maji yawe ya vuguvugu. Maji ya baridi hakuyapenda hata wakati wa jua kali.

Na mtendaji akiuliza nani amekwambia, usihangaike kutafuta maneno. Mpe barua hii aisome yote.

Dada yako,
Zamda Isihaka
Mtunza kumbukumbu