Aliyecheka Hakuhesabiwa

Mdogo wangu Tusekile,

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwangu hapa Isansa, mchana, kahawa imeanikwa mbele yangu na kuku wananijaribu subira. Jana nilikuwa Tunduma kwenye kikao cha hospitali, na nimerudi na hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Ungekuwepo ningekupigia simu, nawe ungenisikiliza hadi katikati kisha useme, "Kaka, fupisha, nina wateja." Kwa kuwa leo huwezi kunikatisha, nitaeleza kwa nafasi.

Ulizoea kunisema kwamba mtu akiniuliza njia ya kwenda Nanyala, nitaanza na jinsi barabara kuu ilivyochongwa. Ulisema hivyo hata mbele ya wateja wako wa kutoka Zambia, pale dukani kwako Chapwa, vitenge vimening'inia mpaka mlangoni. Wao walikuita Bamayo, yaani mama kwa lugha yao, nawe uliwaita majina yoyote yaliyokujia kinywani, na kila mmoja aliondoka amecheka na amenunua. Kuna mama mmoja alikushika akisema kitenge chako kitachuja. Ukamjibu, "Kikichuja kirudishe, nami nitakurudishia mumeo." Alinunua viwili.

Wengi walidhani ulicheka kwa sababu mambo yako yalikuwa mepesi. Mimi nilikujua tangu utotoni. Mama alitulea akisema kwamba mtu haugulii mbele ya wageni, maumivu ni mambo ya ndani ya nyumba. Wengi wa Mbozi tumelelewa hivyo. Mimi nikiumwa hunyamaza. Wewe ulichekesha watu. Ulipoanguka na kuvunjika mkono siku ile ya mavuno, uliwachekesha wachumaji wote mpaka tulipofika zahanati, na kadiri mkono ulivyovimba ndivyo vichekesho vilivyozidi kunoga.

Basi, Jumapili ile. Tulikuwa mezani kwako baada ya ibada, mimi na wifi yako tumekuja kukutembelea. Ulisukuma sahani pembeni ukasema kifua kinabana, kama mtu amekikalia, na maumivu yanapanda hadi kwenye taya. Jasho lilikuwa linakutoka, na unaijua baridi ya Tunduma ilivyo miezi ile. Tukakupandisha bajaji. Hospitali tulimkuta tabibu kijana, mwenye adabu, benchi limejaa watu mpaka nje.

"Mama, umekula nini leo?" akakuuliza.

"Ugali na maharage aliyopika wifi yangu huyu hapa. Mkamateni yeye kwanza, mimi mtanitibu baadaye."

Nesi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Benchi zima likacheka. Nikamwomba yule tabibu akupime moyo, maana nilifundisha Biolojia maisha yangu yote ya kazi na taya ile ilinitia wasiwasi. Akanijibu kwa heshima, "Mzee wangu, mwenye ugonjwa wa moyo hana nguvu za kuchekesha watu hivi. Haya ni vidonda vya tumbo. Wanakuja wengi wa namna hii." Nawe ukanigeukia. "Kaka, umemsikia mtaalamu. Usianze kumfundisha."

Ukapewa vidonge vya kutafuna vya kutuliza tumbo, tukarudi nyumbani. Asubuhi yake hukuamka.

Simchukii kijana yule. Alikuwa peke yake na benchi lile lote, na alichokisema ndicho alichosikia wenzake wakikisema. Kilichonikasirisha ni hiki nitakachokueleza sasa.

Unajua wananchi walinichagua niwawakilishe katika kamati ya hospitali. Mwaka huu tukaambiwa utafanyika ukaguzi wa huduma kwa wagonjwa wa shambulio la moyo. Ukaguzi wa namna hii hauhusu fedha. Wakaguzi wanachukua mwongozo wa kitaalamu unaosema mgonjwa wa namna hiyo afanyiwe nini. Apewe aspirini mapema, apimwe umeme wa moyo mara tu anapofika, na akihitaji rufaa asicheleweshwe. Kisha wanafungua mafaili kuona nani alifanyiwa na nani hakufanyiwa. Ni kama mwalimu kusahihisha kazi yake mwenyewe. Jambo jema kabisa. Niliposikia, nilimwambia wifi yako, "Sasa Tusekile atahesabiwa." Sikutaka fidia wala mtu afukuzwe kazi. Nilitaka tu iandikwe mahali kwamba mtu alikuja akiwa na shambulio la moyo, akarudishwa nyumbani na dawa ya tumbo, ili anayekuja baada yako asirudishwe.

Jana matokeo yakasomwa. Aliyesoma ni daktari niliyemfundisha mwenyewe sekondari, kijana mwenye akili. Akasema wagonjwa wote wa shambulio la moyo walipimwa umeme wa moyo, na karibu wote walipewa aspirini kwa wakati. Wajumbe wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Daktari, wagonjwa hawa mliwapataje?"

"Tulichukua mafaili yote yaliyoandikwa shambulio la moyo, mwalimu."

"Na ili faili liandikwe hivyo, kinahitajika nini?"

"Kipimo cha umeme wa moyo."

"Kwa hiyo mmegundua kwamba kila aliyepimwa, alipimwa."

Watu wakacheka. Yeye pia akatabasamu. "Mwalimu, leo umekuja na fimbo?"

"Fimbo niliiacha shuleni. Nimekuja na swali."

Nikawaeleza kwa mfano ambao kila mzazi anaujua. Shule ikiwaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani, halafu ikatangaza kwamba wote wamefaulu, hiyo imefundisha au imechagua? Mtu ambaye hakupimwa moyo hawezi kuandikwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Ataandikwa vidonda vya tumbo, uchovu, au mawazo. Na ukaguzi ukifuata yaliyoandikwa, hautamwona kamwe. Kosa linalohitaji kukaguliwa kuliko yote ndilo pekee ambalo ukaguzi huu hauwezi kuliona.

Nikauliza mashine yenyewe ya kupimia moyo inakaa wapi. Nikajibiwa inakaa ofisini kwa mganga mfawidhi. Nikaomba kuiona. Tusekile, imefunikwa kitambaa cha kufuma! Cheupe, kina maua pembeni, kimepigwa pasi. Wakanieleza kwamba mapokezi kuna vumbi na watu wataiegemea, kwa hiyo inatolewa pale daktari anapokuwa na shaka. Nilisimama pale nikamkumbuka mama na vikombe vyake vya kabatini, ambavyo sisi watoto wa nyumba ile hatukuwahi kuvinywea chai hata siku moja, kwa kuwa vilikuwa vya wageni. Waliokiweka kitambaa kile hawakuwa na ubaya wowote. Walikitunza kitu cha thamani kama walivyofundishwa kwao. Nao ukaguzi uliuliza kama mashine ipo, ukajibiwa ndiyo. Kama inafanya kazi, ukajibiwa ndiyo. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa wa benchini anaweza kuifikia.

Tuliporudi kwenye viti, mwenyekiti akasema kwa upole, "Mwalimu, hatuwezi kukagua wagonjwa ambao hatuwajui."

"Mnawajua. Waliingia kwa mlango ule pale."

Nikapendekeza wachukuliwe watu wazima wote waliokuja na maumivu ya kifua au ya juu ya tumbo wakaondoka na dawa za tumbo. Tuone wangapi walipimwa moyo. Wasiopimwa, tuwatafute kupitia wenyeviti wa mitaa, tujue nani yu hai. Hii si kazi ngumu. Inahitaji viatu tu.

Daktari akainamisha kichwa. "Tutapata picha mbaya, mwalimu."

"Tutapata picha."

Mwenyekiti akasema taarifa inasubiriwa mkoani, na jambo langu ni zuri, litafikiriwa wakati mwingine. Umelisikia neno hilo mara ngapi maishani mwako? Akaomba wanaoikubali taarifa wanyooshe mikono. Ikanyooka yote isipokuwa wangu. Ule wa daktari ulinyooka mwisho, yeye akitazama meza.

Alinifuata nje kwenye maegesho ya pikipiki. "Mwalimu, hoja yako ni ya kweli. Lakini taarifa ikienda na mambo yale, watauliza tulikuwa wapi."

"Si ndilo swali lenyewe?" nikamwambia. Akanishikia mfuko wangu mpaka nilipopanda, kama alivyofundishwa kuwafanyia wazee, na hilo nalo liliniudhi. Watu wana adabu, wanasalimia, wanakusikiliza mpaka mwisho, halafu kitambaa kinarudishwa juu ya mashine.

Leo asubuhi jirani ameniita ng'ambo ya ua, "Mwalimu! Nasikia hospitali yetu imesifiwa!" Nikampungia mkono tu, mimi ambaye ulisema sijawahi kukosa maelezo. Nimekaa hapa nageuza kahawa na kuwaza wangapi wamekaa kwenye benchi lile leo wakisema kifua kinabana, wangapi wanachekesha watu ili wasionekane wanaugua, na nani anaamini kicheko chao.

Kitu kimoja cha mwisho, kisha nikuache upumzike. Kabla hatujatawanyika, katibu aliniuliza aandikeje kuhusu mkono wangu ambao haukunyooka. Nikamwambia aandike jina langu, aandike na sababu, na sababu ni Tusekile, mfanyabiashara wa Chapwa, dada wa watu, aliyeingia hospitali hii kwa miguu yake. Mwenyekiti akasema hiyo ni ndefu mno kwa taarifa ya kwenda juu. Wakakubaliana kwa sentensi moja: "Mjumbe mmoja hakukubaliana."

Imeandikwa hivyo, na haitafutwa. Katika taarifa ile nzima, mdogo wangu, hapo ndipo ulipo.

Pumzika salama.

Ni mimi kaka yako,
mjumbe mmoja.