PDG Yuko Salama

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo yako huko Kinshasa. Siye huku Nyalukemba tuko. Kikohozi ya mama yako imepunguka. Unauliza kama kampuni yako ichukue mutu wa kuisemea siku mbili kwa juma, ao agence ya communication. Nitakuambia tu ile ya Kamituga, wakati tulikuwa tunachimba zahabu kule.

Kampuni iliyonunua zahabu yetu ilikuwa na maman mumoja mwalimu, alikuja asubuhi mbili kwa juma kuandika matangazo. Wakamuacha, wakachukua agence ya mbali. Siku shimo ilianguka na watu ndani, agence ikatangaza ku radio: "PDG yuko salama." Walitaka kusema mukubwa wa kampuni. Lakini kwetu Kamituga, PDG ni mwenye shimo, na mwenye shimo ile alikuwa babu yako. Nikaacha kulia. Nikamupikia fufu na sombe, nikamuwekea maji ya kuoga.

Ni yule mwalimu alikuja kuniambia kweli. Maji ilikuwa ingali moto.

Chukua mutu anayejua namna watu wako wanaitana, hata akuje siku moja.

Naskia ku kazi wanakuita PDG. Unisamehe, mutoto wangu. Mimi nitakuita Furaha tu.

Koko yako