Nani Aliwaambia Iringa Kuhusu Viazi

Bwenini, Iringa
Jumapili, mwisho wa Mei

Kaka Gwakisa,

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo Mama hayajui, na ambayo matroni akiyasoma ataniita ofisini. Ukiona mwandiko unayumba, ni baridi ya huku. Kulia nimelia asubuhi kwenye ibada, nikajifanya nina mafua.

Tangu lori likugonge pale Uyole, nyumbani si kama ulivyopaacha. Mama amerudi sokoni. Anauza viazi na parachichi palepale, ila lile gunia ulilokuwa unakalia ameliwekea ndoo juu ili mtu mwingine asikae. Siku ya kumaliza msiba waligawa nguo zako. Baba mdogo alisema rafiki wa marehemu asiondoke mikono mitupu, kwa hiyo Lusajo alipewa viatu vyako vya mpira wa kikapu. Wiki iliyofuata timu ya chuo chenu ikampa na unahodha. Nilimwangalia alipovaa vile viatu mara ya kwanza. Vilimtosha kabisa, na sikupenda vilivyomtosha.

Unakumbuka ulivyotunga zile alama za siri za uwanjani? Mama alikuwa anapima viazi, wewe umekaa kwenye gunia, mimi ndiye niliyekuwa wapinzani. Ukisema "Viazi!", mpira upite chini kwa mdundo umfikie mrefu aliye chini ya kikapu, kwa sababu viazi hutafutwa chini. Ukisema "Kabichi!", wenzako wamfunike mwenye mpira kama majani. Ulinidundia mpira kichwani niliposahau moja. Halafu ukaniambia, "Tuse, haya ni ya timu. Usimwambie mtu, hata Mama." Mama alikuwa hatua mbili kutoka hapo, anasikia kila kitu, akasema, "Mimi nina shida gani na mpira wenu? Inukeni, mteja anataka gunia hilo."

Sikumwambia mtu, kaka. Shikilia hilo unaposoma yanayofuata.

Msimu wa timu ulianza vizuri. Waliwafunga wenzao wa Njombe na wa Songea, na kila wakishinda walikuwa wanaonyesha kidole juu kwa ajili yako. Likizo ya Pasaka nilikuwa Mbeya, nikakaa benchini kama zamani, kazi yangu ileile ya chupa za maji. Siku hiyo walicheza na chuo cha Iringa. Lusajo akaita "Viazi!" na yule mrefu wa Iringa, namba kumi na moja, akainama kabla mpira haujagusa chini. Aliudaka kama mtu aliyetumiwa mzigo wake. Nikasema bahati. Lusajo akaita "Kabichi!" na Iringa hawakuhangaika na majani, walizunguka wakaingilia nyuma, palepale ulipokuwa unasema kabichi huanza kuoza. Baada ya hapo sikusema bahati tena.

Tulifungwa. Shabani, yule mtoto wa duka la vitambaa ambaye ulikuwa unamwita Mdomo, alitupa taulo chini akasema, "Jamani, hapa kuna mtu ametuuza."

Mimi nilimfikiria Lusajo moja kwa moja. Nilikuwa nimemwona nyuma ya stoo ya vifaa akinywa soda na namba kumi na moja, chupa moja wanapokezana. Watu waliofungana dakika chache zilizopita wanapokezana soda ya nini? Na pale makaburini hakulia. Alishika jembe tangu mwanzo hadi mwisho, hakumwachia mtu. Wakati ule niliona ni upendo. Siku ile ya mechi nikaanza kuona ni haraka.

Nikiwa bado namtazama yeye, nikagundua wao wananitazama mimi.

"Huyu dogo si anasoma Iringa?" Shabani akauliza. "Na alama zote anazijua."

Nilisubiri Lusajo aseme kitu. Alikuwa anafungua kamba za viatu vyako, akaendelea kufungua. Kesho yake nilipofika mazoezini alinikuta langoni akasema kwa upole, "Tuse, leo kaa nje kidogo, mdogo wangu." Kidogo hicho hakijaisha mpaka leo. Shabani alinipita akisema, "Mpelelezi, wasalimie Iringa." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, sijui kwa nini. Mama akaniuliza mbona siku hizi siendi uwanjani, nikamwambia nina masomo mengi.

Sasa nikupeleke jana.

Mechi ya marudiano ilikuwa hapa Iringa, na ndiyo ya kuamua bingwa wa msimu. Mwalimu wetu wa michezo aliomba ruhusa, tukaenda wasichana wa timu ya shule na sare zetu na masweta. Nilikuwa nimeamua jambo. Unakumbuka alama ya tatu, ile ambayo timu haikuipata? Mama alimgombeza mteja aliyekuwa anaminya parachichi bichi, ukacheka mpaka ukashika tumbo, ukasema na hilo tulitumie. Parachichi maana yake usirushe. Ushike mpira, ujifanye unarusha, umsubiri anayekukaba aruke kwanza. Akianza kushuka ndipo urushe. Ulisema bado unaipika, utawapa wenzako msimu ukianza. Msimu ulianza bila wewe.

Nilimfuata Lusajo karibu na basi lao nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na hii umewaambia saa ngapi?"

Aliuliza taratibu, kaka. Angenifokea ningejua la kumjibu.

Mwishoni mwa robo ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja na mpira ukiwa wetu. Viazi haviendi, kabichi haiendi, kila mtu uwanjani anajua hivyo. Lusajo alikuwa amebaki na namba kumi na moja mbele yake kama ukuta. Nilipanda juu ya benchi, matroni hakuwepo, nikapiga kelele, "Parachichi! Parachichi!"

Alinisikia. Aliushika mpira akatulia, akaunyanyua kidogo kama anarusha, sawasawa na ulivyonionyesha. Roho yangu ikapaa. Kisha akaniangalia. Nilijua anawaza nini, kwa sababu ndivyo na mimi nilivyokuwa namwangalia tangu Pasaka. Akaurusha harakaharaka kabla ya wakati, kama mtu anayekimbia mtego. Namba kumi na moja ndiyo kwanza alikuwa anaruka, mkono wake ukaufikia, kipenga cha mwisho kikalia. Angesubiri kidogo tu.

Wenyeji waliingia uwanjani kushangilia. Mimi nilibaki kwenye benchi, na wasichana wenzangu wananivuta sweta tuondoke. Ndipo yule mrefu akaja, jasho linamtoka na baridi yote ile. Nilidhani anakuja kunicheka.

"Kamwene, dada," akanisalimia kwa Kihehe. "Wewe ndiye Tuse?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Samahani, nikuulize. Parachichi ndiyo ipi? Hiyo Gwakisa hakutufundisha."

Akanitazama, akaona sikuwa najua lolote. Akasema ulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha kule Tosamaganga, jioni ulikuwa unacheza nao. Uliwafundisha zile alama mwenyewe, na mkakubaliana wasimwambie mtu. Eti ulisema mechi ya watu wanaojuana ndiyo tamu. Akanipa pole ya msiba kwa mikono miwili, akaenda kwa wenzake. Hata jina lake sikuuliza.

Lusajo alikuwa ameona kila kitu kutoka dirishani mwa basi. Akatoa kichwa. "Yule amekuambia nini?"

"Amenipa pole," nikamjibu. Basi likaondoka.

Usingizi haukuja. Niliwaza siku ya wageni, ulivyokuwa unakuja kuniona kutoka Tosamaganga na mkate na karanga. Viatu vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Nikakuuliza umetoka wapi, ukasema, "Nilikuwa nacheza na watoto wa jirani." Nilikuamini. Sasa naliwaza lile vumbi na sijui niliwaze vipi. Watoto wa jirani wana urefu ule?

Halafu nikageuka upande wa pili wa kitanda nikamshuku yule kijana. Marehemu hawezi kukana. Ni rahisi kukutwisha wewe mzigo na kumkinga anayekunywa naye soda. Jina la Tuse hata Lusajo analijua. Lakini mtu anayetunga uongo hawezi kuanza kwa kuuliza asichokijua. Aliuliza parachichi kama mwanafunzi anayeuliza swali alilokosa, na lile swali ndilo linalonisumbua.

Nikimweleza Lusajo, mimi natoka kwenye upelelezi leo hii na benchi langu narudishiwa. Lakini wale wanaonyesha kidole juu kila wakishinda, kaka. Nikisema, vidole vitashuka, na Shabani atapata jina jipya la kukuita wewe badala ya mimi. Nikinyamaza, Lusajo ataendelea kuvaa viatu vyako huku akidhani dada yako ndiye aliyekuangusha. Naye labda hakufanya kosa lolote ila kunywa soda na mtu aliyempenda rafiki yake. Hilo la Lusajo nalisema nusunusu. Bado namwangalia.

Nimeamua hivi. Sitasema mpaka nisikie kutoka kwako. Acha mimi niwe mpelelezi wa Iringa kwa sasa, naweza kuubeba mzigo huo, hata jana nimeubeba mpaka bwenini. Shule ikifungwa nitarudi Uyole, nitamwomba Mama aondoe ile ndoo, nikae mimi kwenye gunia. Nitakuwa nadunda mpira jioni ukutani kwa jirani. Njoo kwa njia yoyote unayoruhusiwa, ndotoni au vinginevyo, sitaogopa. Na ukweli ukiwa mchungu nitautunza vizuri, nakuahidi, na nitaendelea kukuita kaka mbele ya watu wote.

Pumzika, Gwakisa wetu. Kengele ya chakula inalia.

Mdogo wako,
Tusekile

Kabla hujapumzika, nijibu hili moja upesi: ulipowapa yale mengine yote ukabakiza parachichi, ulikuwa unaniwekea mimi, au ulisahau tu?