Bakuli la Vifungo

Jumanne. Mvua imekatika saa nne asubuhi, mtaa umebaki tope tupu.

Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, nyumba ya Jangwani ilichukuliwa na maji, na wote waliofungua duka la vifungo kushindana na mimi hapa Kariakoo wameshafunga. Mimi nipo. Shule niliishia la tatu, lakini kwenye vifungo hakuna wa kunifundisha.

Leo nimefundishwa.

Wiki iliyopita nilitangaza natafuta muuzaji. Wakaja watatu. Wawili niliwapa bakuli la vifungo vilivyochanganyika wavitenge, maana ndiyo kazi yenyewe. Wa tatu, Zuhura, alikuja na fimbo nyeupe. Haoni. Nikamwambia nafasi imeshajaa.

Uongo.

Leo karudi, kalowa.

"Shikamoo babu. Wenzangu uliwapa bakuli. Mimi sikupewa."

"Marahaba. Rangi utazijuaje, mjukuu wangu?"

"Kila rangi na droo yake, na mtu asizihamishe. Ukubwa niachie mimi."

Nikampa, ili ashindwe aende zake. Vidole vikaingia taratibu: vya matundu mawili huku, manne kule, vikubwa, vidogo. Bado natafuta la kumkosoa, akaingia fundi Shabani, anataka zipu ya bluu. Nikampa.

"Mzee, hii nyeusi. Na ya juzi ilikuwa nyeusi."

Nikamfokea kwamba duka lina giza. Taa ilikuwa inawaka. Akaondoka nayo hivyohivyo.

Zuhura hakucheka. Akauliza polepole, "Tangu lini, babu?"

Huu mwaka wa pili. Sijawahi kumwambia mtu. Yeye nimemwambia.

Alipomaliza, nilikagua bakuli zima nikitafuta kosa. Nilipapasa, maana kuona vizuri sikuweza. Sikupata hata moja.

Kumbe mimi nisiyeona nimekalia kiti, na yeye nilimfukuza mlangoni.

Kesho saa mbili anaanza, kwa mshahara uleule niliowatajia wenzake. Kanionyesha na simu inayoandika ukiisemesha. Nimeiweza leo hiihii. Mwingine angehitaji mwezi. Kwa hiyo haya nimeyasema mwenyewe, hayakupita kwa binti yangu ambaye huniandikia kumbukumbu hizi. Atayasoma. Basi ayasome.

Asiyeamini amuulize fundi Shabani. Ana zipu zangu mbili nyeusi, na suruali mbili za bluu zinazosubiri.