Video ya Kilio na Mashini ya Neema

Jumapili. Mvua nyepesi tangu misa ya kwanza, mulima umejificha. Roho yangu imechafuka, na sitaisingizia mvua.

Ninaandika kwa simu, kidole kimoja. Nilisoma miaka michache tu. Mwenye kutafuta makosa atafute, mimi simulishi.

Mujukuu wangu Neema, anayeniita Koko, kesho anatetea kazi yake ya mwisho mbele ya walimu. Anasomea mambo ya mashini, hizi kompyuta. Ndani ya mashini yake aliweka programu inayojifanya mashini ingine kamili, na kazi yake yote ya mwaka iko mule. Leo asubuhi ile ya ndani ilikataa kuamka. Ya nje inawaka vizuri, ya ndani kimya.

Nilianza na kugomba, kama kawaida yangu.

"Si nilikuambia usingojee siku ya mwisho?"

Neema alifunga programu, akaifungua tena. Bure. Akazima mashini yote kabisa, maana sisi hapa huwa hatuizimi, tunafunga tu kifuniko tuchunge umeme. Bure. Mwenzake wa masomo anayekaa Katindo akamuelekeza kwa simu: mashini ikianza kuwaka, aingie kwenye ukurasa mweusi, aangalie kama ruhusa ya kubeba mashini ingine imefunguliwa. Imefunguliwa. Basi apunguze nguvu anazoipa ile ya ndani, labda inaomba kupita uwezo wa mama yake, ile ya nje. Bure pia.

Nikasema aitoe yote aiweke upya.

"Koko, acha! Nikifuta vibaya, kazi inaenda nayo."

Hapo niliacha kugomba. Mimi, kuacha!

Halafu nikamuona anasoma maneno madogo kwenye kioo, na haraka anakiinamisha nisione. Kifaransa sikijui, lakini mutoto anayeficha kitu ninamujua.

"Inasema nini?"

"Inasema nafasi imekwisha, Koko. Haina tena pa kuandika."

"Imejazwa na nini?"

Akaangalia miguu yake. "Na kilio cha babu."

Alijua tangu asubuhi. Alizungukazunguka na dawa zote zingine kwa kuogopa kuniambia.

Ni video za mazishi ya muzee wangu, tangu kilio kinaanza mpaka kinavunjwa. Ninaziangalia kila mara kwenye mashini ya Neema, na si kwa kulia. Ninaangalia nani alikuja na nani hakukuja. Shemeji yangu, ndugu ya muzee tumbo moja, hakukuja. Anakaa Mugunga, hapa karibu. Mugunga, si Kinshasa! Mpaka leo kanisani simupi mukono.

Tulienda kwa jirani kuomba flashi ya kuwekea zile video. Ilibakiza nafasi ya kipande kimoja tu, na maduka ya vitu hivyo yamefungwa.

"Chagua, Koko."

Kulikuwa kipande cha misa, ndani yake uso wa muzee kabla sanduku halijafungwa. Kulikuwa kipande cha watu kwenye mustari, wanapita kutoa pole.

Nilichagua mustari.

"Kweli, Koko?"

"Nimeshasema! Unataka niimbe?"

Akakihamishia kwenye flashi, akafuta vingine vyote, akamwaga mpaka pipa la takataka la mashini, maana bila hivyo nafasi hairudi. Akabonyeza. Ile ya ndani ikaamka, na kazi yake iko yote. Akapiga kelele, akanikumbatia. Mimi mikono yangu ilining'inia tu.

Sasa ni jioni. Neema anarudia maneno yake chumbani, Kifaransa kinapanda na kushuka. Kesho atasimama vizuri, ninajua, na mimi nitakaa mustari wa mbele na liputa mupya ya kitenge, wapende wasipende.

Lakini picha ya ukutani ni ya ujana wa muzee, ana nywele nyingi na kiburi kingi. Ule uso wa mwisho, ule niliolisha kwa kijiko, ulikuwa mule tu, kwenye kipande cha misa.

Niliuacha ufutwe ili nibaki na ushahidi juu ya mutu mumoja asiyekuja.

Hakuna aliyenilazimisha. Mutoto aliniuliza mara mbili, nikamugombeza.

Muzee angecheka. Au angeninyamazia siku mbili, kama alivyozoea.

Flashi iko hapa mbele yangu, juu ya meza. Nitaiangalia tena kweli?