Upande wa Pili wa Kanda

Mtae, 3 Mei 1994

Kaka Sharifu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mama chakula hakimpiti. Barua hii nimempa kondakta. Isome peke yako.

Jana nikitoka sokoni Lukozi, dereva aliweka mojawapo ya kanda unazonakili na kuuza. Upande wa kwanza muziki, tukafurahi. Akageuza. Nikamsikia mama yetu na Kishambaa chake: “Sharifu mwanangu, eda ya baba yenu ikiisha, Jafari anataka kunirithi kama jembe la kaka yake. Sitaki. Ijumaa itakayofuata, wanaume wakiwa msikitini, napanda gari nakuja kwako Tanga.”

Akina mama garini wakageuka kunitazama. Nilijifunika kanga usoni.

Tulikurekodia wewe nyuma ya kanda ya muziki, kwa kuwa mama hajui kuandika. Umeifanya nini? Baba mdogo Jafari hupanda gari hilohilo na kabichi zake, na eda inaisha Jumatano ijayo.

Mdogo wako,
Sabra


Tanga, 5 Mei 1994

Mdogo wangu Sabra,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili tu.

Nilimsikiliza mama, nikalia, nikaiacha kanda juu ya meza ya kazi. Asubuhi nikasahau. Muziki wa upande wa kwanza madereva wote wanautaka, na mashine yangu inanakili pande zote mbili kwa pamoja. Nimepeleka arobaini huko. Danieli, anayeniuzia Lukozi, amerudisha tisa. Nyingine watu wameshanakiliana wenyewe, moja inapigwa hadi Soni. Sina pa kuzikamatia.

Mama asingoje Ijumaa. Aondoke Jumatano, nitakuwa stendi. Nisameheni.

Kaka yako,
Sharifu


Mtae, 8 Mei 1994

Kaka,

Shikamoo. Hali si nzuri.

Amesikia. Jana baba mdogo alikuja na redio kwapani, akaiweka mlangoni kwa mama, akabonyeza. Mama alisikilizishwa maneno yake mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akamwambia, “Stendi nimeweka watu. Na duka la mwanao nalijua.”

Usije. Naogopa, kaka.

Sabra


Tanga, 14 Mei 1994

Sabra mdogo wangu,

Hamjambo? Nimeshinda stendi tangu Jumatano, mama hakushuka. Jana baba mdogo alinivamia dukani, akapekua mpaka stoo. Basi hata yeye hanaye. Mama yuko wapi? Nijibu hata neno moja.

Kaka yako


Mtae, 2 Juni 1994

Kaka Sharifu,

Shikamoo. Mimi sijambo, na mama ni mzima. Nimechelewa kwa kuwa mama alinikataza kuandika mapema.

Siku ya kumtoa eda walikuja akina mama wote niliosikia nao kanda ile garini. Walimwogesha, wakamvika nguo nyeupe, na wao wakajitanda nyeupe vilevile hadi machoni. Yule dereva akaleta gari mpaka uani, wakapanda wote pamoja naye. Watu wa baba mdogo walilisimamisha stendi, wakatazama, wakashindwa kujua mjane ni yupi. Kuwafunua wanawake wa watu waliogopa.

Tanga hakuweza kuja, ulikuwa umeshaitangaza. Alikokwenda amenikataza kukuambia. Hana hasira na wewe. Tukiagana alisema tu, “Sharifu ukimpa kitu kimoja, kesho ni arobaini.” Nililia, kisha nikacheka, na yeye pia.

Baba mdogo bado anauliza kila gari. Usimtafute mama, utamwonyesha njia.

Zile kanda tisa usizifute. Kwa sasa humsikii mama mahali pengine.

Mdogo wako,
Sabra